Tunaona kwa Kisogo: Safari ya Elimu ya Macho Kutoka Basra Hadi Boston



Mwaka 1993 nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa umeme katika mji wa Leeds, kaskazini ya Uingereza. Nilikuwa na umri wa miaka 22, na kichwa kikiniuma kila nikikaa mbele ya kompyuta, basi nikaingia katika duka la miwani kupimwa macho. Mpimaji, mwanamke mtu mzima, aliniziba jicho la kushoto kwanza. Nikasoma herufi zake mpaka mstari wa chini kabisa. Kisha akaniziba la kulia. Nikaiona ile herufi moja kubwa ya juu, na mstari wa pili nikaanza kubahatisha. Akaweka lenzi hii, akaitoa, akaweka ile. Hapakuwa na mabadiliko. Akachukua taa yake akachungulia ndani ya jicho kwa muda mrefu, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo: jicho hili ni zima, halina ugonjwa, ila ubongo wako haulitumii.

Mtu wa fani yangu hawezi kuyameza maneno kama hayo kirahisi. Ukinipa kamera nzima na waya mzima, na picha haitokei, nitatafuta mpaka nijue imepotelea wapi. Nikarudi nyumbani nikiziba jicho moja, nikifungua, nikiziba la pili, watu wa basi wakinitazama.

Nilikuwa na makengeza utotoni, Miembeni, Unguja. Watoto wenzangu waliniita majina ambayo sitayaandika hapa. Mama alinipeleka hospitali mara moja, akaambiwa mtoto aachwe akue, yatakwisha yenyewe. Na kweli, nilipofika miaka kumi hivi yalikuwa yamepungua hata katika picha za skuli huyaoni. Nyumba nzima ilifurahi. Hakuna aliyejua, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kutojua, kwamba nilikuwa natembea na jicho moja linaloona na jingine linalosindikiza tu.

Tangu siku ile ya Leeds nimekuwa nikisoma habari za macho kama wenzangu wanavyofuata habari za mpira. Mhariri aliponiomba makala ya tarikh, nikaona nisimulie hii, kwani ni tarikh ndefu ya watu waliohangaika na swali moja: kuona kunatokea wapi?

Wayunani wa kale, Euclid na Ptolemy miongoni mwao, waliamini kwamba jicho hutoa miali yake ikaenda kukigusa kitu, kama mtu anayepapasa gizani kwa fimbo. Tusiwacheke. Hesabu zao za miali zilikuwa sahihi, kosa lao lilikuwa katika mwelekeo wa safari tu. Aliyeligeuza jambo hili juu chini ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040. Huyu ni mwenzangu katika kazi. Waandishi wa tarikh wanasimulia kwamba alijigamba kuwa anaweza kuyadhibiti mafuriko ya mto Nile, Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita aje atimize. Alipofika kusini akaona majengo ya watu wa kale, akajua kwamba lau jambo lile lingewezekana wao wangekwisha kulifanya. Kwa kuihofia hasira ya mtawala, inasimuliwa kuwa alijifanya mwendawazimu, akakaa kizuizini nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Sisi mainjinia tuliowahi kuahidi mradi usiowezekana tunaielewa sana habari hii.

Inasimuliwa kwamba katika miaka hiyo ya shida ndipo alipokiandika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, juzuu saba. Hoja zake ni za mtu anayepima mambo. Ukilitazama jua, macho yanauma. Basi kuna kitu kinachoingia, si kinachotoka. Alichukua chumba chenye giza, chenye tundu dogo, akapanga taa kadhaa nje yake. Kila taa ikatoa doa lake la mwanga ukutani, na ukiifunika taa moja, doa lake peke yake ndilo linalotoweka. Mianga inapishana katika tundu moja bila kuchanganyika. Neno kamera, ambalo sote tunalitumia, ni la Kilatini na maana yake ni chumba.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni jambo jingine alilosema. Ibn al-Haytham aliandika kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita kuona si kuona kwa jicho, bali ni kulinganisha na kuhukumu, na hukumu hiyo hupita kwa kasi hata mwenyewe huitambui. Umbali wa kitu, ukubwa wake, kwamba huyu ni fulani na yule si fulani, yote haya hukatwa shauri ndani. Miaka 1,000 imepita na sentensi hiyo bado inasimama.

Alikosea pamoja na hayo. Alijua kwamba miali ikiendelea ndani ya jicho picha itapinduka miguu juu, akaona haiwezekani, kwani sisi hatuoni watu wakitembea kwa vichwa. Kwa hiyo akaiweka hisia ya kuona mbele, kwenye lenzi, kabla ya picha kupinduka. Kitabu chake kiligeuzwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na kwa njia ya wanafunzi wake wa Ulaya kikamfikia Johannes Kepler mjini Prague. Kepler mwaka 1604 akaikubali hesabu mpaka mwisho wake mchungu: picha inaangukia nyuma ya jicho, katika utando wa retina, na inaangukia imepinduka. Kuhusu ni vipi basi tunaona wima, akasema kazi yake ya mwanga imekwisha, hayo mengine na wayashughulikie wengine. Baadaye Scheiner, na Descartes katika kitabu chake cha mwaka 1637, wakaeleza namna ya kulichukua jicho la ng'ombe, kulikwangua nyuma mpaka likabaki utando mwembamba, na kuitazama picha ndogo iliyopinduka ikitokeza pale. Bucha yeyote angeweza kuwaonyesha hayo zamani.

Wasomaji wengi huniuliza hapo hapo: sasa mbona hatuoni juu chini? Jibu la fundi ni kwamba hakuna mtu mdogo aliyekaa ndani ya kichwa akiitazama ile picha. Kuna nyaya tu. Waya hauna juu wala chini, mradi kila mmoja unakwenda pahala pake kila siku.

Mwaka 1668 Mfaransa Edme Mariotte akaongeza kioja. Pale mshipa wa jicho unapotokea nyuma, retina haina kitu cha kuhisi mwanga. Ni tundu tupu. Unaweza kulijaribu sasa hivi. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi, na doa jeusi upande wake wa kulia, umbali wa sentimita 8. Ziba jicho la kushoto, kaza macho kwenye msalaba, shika karatasi kiasi cha sentimita 30, kisha isogeze taratibu mbele na nyuma. Kuna pahala doa litapotea. Wala hutaona shimo. Utaona karatasi nyeupe. Ni nani aliyeipaka rangi ile nyeupe? Jicho haliwezi, kwa kuwa halina habari za pale. Kwa miaka 200 swali hilo lilibaki hewani.

Ilikuja darubini, na nyuma ya darubini akaja Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Mwaka 1887 alijifunza dawa ya kutia rangi iliyobuniwa na Mwitaliano Golgi, ambayo kwa bahati njema inaipaka rangi nyeusi seli moja moja tu na kuziacha nyingine, kama anayewasha taa katika nyumba chache za mji wenye giza. Cajal alikuwa na mkono wa mchoraji. Michoro yake ya retina, aliyoichapisha mwaka 1893, mpaka leo imo katika vitabu vya wanafunzi wa udaktari, na juu yake alichora mishale midogo kuonyesha habari inaelekea wapi. Mwaka 1906 yeye na Golgi waligawana tuzo ya Nobel, na Golgi akaitumia hotuba yake kuyapinga aliyoyagundua mwenziwe kwa dawa ile ile. Wasomi nao wana mambo yao.

Mchoro wa Cajal unaonyesha kwamba retina si kama filamu ya kamera. Ni kipande cha ubongo kilichosukumwa nje kikaja kutazama dunia. Ina tabaka tatu za seli, na seli za pembeni zinazounganisha majirani, na mpango wake ni wa ajabu: seli zinazohisi mwanga ziko nyuma kabisa, mwanga unapita kwanza katikati ya nyaya zote ndipo uzifikie. Mimi ningeileta ramani kama hiyo kazini ningeambiwa nirudi nyumbani nikapumzike.

Hesabu nazo zinasema kitu. Seli za kuhisi mwanga hafifu, zinazoitwa fimbo, katika jicho moja ni milioni 90 hivi (vitabu vya zamani vinasema 120), na zile za rangi na maandishi, zinazoitwa koni, ni milioni 4 hadi 5. Lakini nyuzi zinazotoka jichoni kwenda ubongoni ni kama milioni 1 tu. Nimefanya kazi ya mawasiliano ya simu kwa miaka mingi, na nikiona milioni 95 zinaingia na milioni 1 inatoka, najua kuna kazi kubwa inafanyika katikati. Haiwezekani kwamba kila seli imepewa laini yake. Kuna ufupishaji.

Ufupishaji gani, aliyetuonyesha mwanzo ni mnyama wa baharini. Pwani ya mashariki ya Marekani kuna kiumbe kama kaa aliyefunikwa sufuria, jamaa ya nge na buibui kuliko kaa, mwenye macho yaliyojengwa kwa mamia ya vijicho. Haldan Keffer Hartline aliushika uzi mmoja wa mshipa wake na kuusikiliza kwa vyombo vya umeme. Yeye na wenziwe wakakuta kwamba ukikimulika kijicho kimoja, kinalia. Ukimulika na jirani yake, kile cha kwanza kinapunguza sauti. Kila mmoja anajaribu kumnyamazisha mwenziwe. Mwaka 1953, mjini Baltimore, Stephen Kuffler akakuta mpango unaofanana na huo katika retina ya paka: seli moja inaamshwa na mwanga katikati ya eneo lake na kunyamazishwa na mwanga unaouzunguka, au kinyume chake.

Chukua kanga. Tuseme mji wake ni wa rangi moja tupu na pindo lake ni la rangi nyingine. Seli iliyokabidhiwa katikati ya mji haina la kusema sana, kwa kuwa kati na pembeni zinafutana. Seli iliyokabidhiwa mpaka wa mji na pindo ndiyo inayopiga kelele. Retina basi haipeleki picha ya kanga. Inapeleka habari za mapindo, na ubongo unajaza kitambaa. Ndiyo maana karatasi nyeupe ni nyeupe juani na ni nyeupe chini ya mwembe, ingawa mwanga unaotoka katika ile ya kivulini ni kidogo mno. Sisi tunaofupisha picha za video ili zipite katika simu tumefika njia hiyo hiyo, kwa kuchelewa sana. Mwaka 2006 watafiti wa Pennsylvania walikadiria kwamba jicho la mwanadamu linapeleka ubongoni kiasi cha biti milioni 10 kwa sekunde. Ni kama waya wa mtandao wa ofisi tuliokuwa tukiutandika nilipoanza kazi.

Sasa habari imetoka jichoni. Inakwenda wapi? Mtu akipigwa kisogoni huona vimulimuli, hilo watoto wote waliosoma chuoni wanalijua. Nyuzi za macho mawili hukutana chini ya ubongo, na nusu yake huvuka upande wa pili, kama Isaac Newton alivyokisia katika kitabu chake cha mwaka 1704. Matokeo yake ni kwamba kila kilicho kushoto kwako, kikionwa na jicho lolote, huenda nusu ya kulia ya ubongo. Zikapumzika kidogo katika kituo cha kati kiitwacho thalamasi, kisha zikaendelea mpaka mwisho wa kichwa, kisogoni. Kilicho mbele ya uso wako kinaonwa kwa nyuma ya kichwa chako.

Uthibitisho wake ulipatikana kwa msiba. Katika vita vya Urusi na Japani, 1904 hadi 1905, Warusi walitumia bunduki zenye risasi nyembamba za kasi kubwa, milimita 7.62. Risasi hizi mara nyingine zilipita kichwani upande hadi upande, zikatoka, na askari akaishi. Daktari kijana wa macho, Tatsuji Inouye, alipewa kazi ya kiofisi kabisa: kupima askari waliojeruhiwa wamepoteza kiasi gani cha kuona ili serikali ijue iwalipe pensheni kiasi gani. Wengine wangejaza fomu na kwenda zao. Yeye alibuni chombo cha kupimia fuvu, akachukua tundu la kuingilia risasi na tundu la kutokea, akapiga mstari ulionyooka baina yao, akahesabu mstari ule umepita sehemu gani ya ubongo. Kisha akalinganisha na sehemu gani ya mbele askari yule haoni. Kwa majeruhi 29 alichora ramani, akaichapisha kwa Kijerumani mwaka 1909. Akakuta kwamba ile sehemu ndogo ya katikati, tunayoisomea herufi, imepewa ardhi kubwa mno ya kisogo, na pembeni kote kumepewa mabaki. Muingereza Gordon Holmes akayathibitisha kwa majeruhi wa Vita Vikuu vya Kwanza.

Kila nikisoma habari za Inouye nawafikiria wale askari. Walikwenda kudai haki yao ya pensheni, wakaacha ramani ambayo dunia nzima inaitumia.

Lakini ramani ya mji haikwambii watu wake wanafanya kazi gani. Hilo likangoja mpaka mwaka 1958, katika maabara ya yule yule Kuffler, walipokutana vijana wawili: David Hubel kutoka Kanada na Torsten Wiesel kutoka Sweden. Hubel alikuwa ametengeneza sindano ya madini ya tungsteni, nyembamba kiasi cha kuisikiliza seli moja. Wakamtia paka dawa ya usingizi, wakaichoma sindano kisogoni kwake, sauti ikaunganishwa na spika, nao wakaanza kumwonyesha madoa meusi na meupe kwa vigae vya kioo. Kwa saa nyingi seli haikusema kitu cha maana. Kisha wakati wa kutumbukiza kigae kingine, ghafla spika ikalia kama mvua juu ya bati. Wakalitafuta lile doa lililoiamsha, wakalikosa. Mwisho wakatambua kwamba si doa kabisa. Ni ukingo wa kigae chenyewe, uliotupa kivuli chembamba kilichopita kama mstari. Seli ile ilikuwa inangoja mstari, tena mstari uliolala upande fulani tu, ukiugeuza, inanyamaza.

Wakaendelea kwa miaka, wengi wao Boston, katika chuo cha udaktari cha Harvard walikohamia mwaka 1959, na kukuta seli baada ya seli, hii ya mstari wima, ile ya mshazari, ile ya mstari unaokwenda kushoto tu, na nyingi zinazosikiliza macho yote mawili kwa pamoja. Waliokuja nyuma yao walifuata njia zaidi ya hapo, moja ikielekea chini kutambua kitu ni nini na uso ni wa nani, nyingine ikipanda juu kujua kiko wapi na mkono ukifikie vipi. Mwaka 1981 walipewa tuzo ya Nobel.

Ama mimi, kilichoninyima usingizi ni kazi yao ya mwaka 1963. Nimelelewa na paka, kila uchochoro wa Unguja una wake, na sikupenda kusoma habari za kushona kope. Lakini ndivyo walivyofanya. Walimshona kitoto cha paka jicho moja, wakalifungua baada ya miezi. Jicho lilikuwa zima. Retina ilikuwa nzima. Lakini kisogoni karibu kila seli ilikuwa imehamia kwenye jicho la pili. Lile lililofungwa halikuwa na wa kulisikiliza. Walipomfanyia hivyo paka mzima, hakudhurika. Kwa hiyo kuna kipindi, kwa paka ni tangu wiki ya 4 mpaka karibu miezi 3, ambapo macho mawili yanagombania ardhi, na anayekosekana kikao kile hurithiwa. Na mwaka 1965 hawakushona kitu. Waliyapinda macho ya kitoto cha paka yasitazame pahala pamoja, yaani walimpa makengeza. Seli zilizokuwa zisikilize macho yote mawili zikagawanyika, hii ya kulia, hii ya kushoto, hakuna tena la pamoja.

Nilipoisoma ile, nilikuwa nimekaa maktaba, nikafunga kitabu. Wazee wetu wamesema macho hayana pazia. Kumbe ubongo unalo. Mtoto mwenye makengeza hupata picha mbili zisizolingana, na ubongo, ili usichanganyikiwe, huliteremshia jicho moja pazia. Likikaa miaka, halipandi tena kirahisi.

Mwanadamu ana muda mrefu kuliko paka, takriban miaka 7 au 8 ya mwanzo, ingawa mpaka wake si ukuta. Jambo hili si adimu. Hesabu za nchi mbalimbali ni baina ya mtoto 1 na 3 katika kila 100. Dawa yake inajulikana tangu Mfaransa Buffon, mwaka 1743: miwani ikihitajika, kisha liziбwe jicho zuri ili lile jengine lilazimike kufanya kazi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa watoto ambao hali yao ni ya wastani, kuziba saa 2 kwa siku kunafaa sawa na kuziba saa 6. Mwingine wa mwaka 2005, wa watoto na vijana 507 wenye miaka 7 hadi 17, uliwakuta hata wa miaka 7 hadi 12 wakipata nafuu: 53 katika 100 ya waliotibiwa kwa kuziba jicho na matone pamoja na miwani, dhidi ya 25 katika 100 waliovaa miwani peke yake. Huko India, Pawan Sinha wa chuo cha MIT na wenziwe wamewafanyia operesheni watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho, wengine wakiwa wakubwa, nao wakajifunza kuona kiasi ambacho vitabu vilisema hakiwezekani. Na kuna Susan Barry, aliyekuwa mwalimu wa chuo huko Marekani, mwenye makengeza tangu uchanga, akafunzwa darasani kwamba mtu kama yeye hatauona kamwe undani wa vitu kwa macho mawili. Akauona, baada ya mazoezi, akiwa na miaka 48. Alimwandikia Hubel kumweleza.

Mwaka juzi dada yangu alinipigia simu kutoka Unguja. "Kaka, mtoto akichoka jicho lake linakwenda pembeni." Binti alikuwa na miaka minne. Nikamwambia ampeleke kwa daktari wa macho wiki ile ile. Akasita. "Mama anasema ni mambo ya utoto. Anasema hata wewe ulikuwa hivyo, na umekuwa injinia."

Kwa miaka 30 sikuwahi kumwambia mama habari za jicho langu. Ningemwambia kwa faida gani? Alinipeleka hospitali, akafuata alichoambiwa na watu waliosoma kuliko yeye, akarudi kupika. Nilimwona tayari akihesabu makosa yake usiku. Sasa nikawa sina njia. Nikamwomba dada ampe simu.

Nikamwambia, "Mama, mimi jicho la kushoto sioni." Nikamweleza yote, Leeds, paka, kipindi kinachopita. Akanyamaza kwa muda mrefu nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu utotoni. Akasema, "Na hukunambia." Halafu akasema amechoka, tutazungumza kesho, simu akamrejeshea dada.

Kesho yake alfajiri aliamka, akamvisha mjukuu, akaenda naye hospitali mwenyewe, hakumngoja dada atoke kazini. Binti alipewa miwani, na baada ya miezi kitambaa cha kuzibia. Mama ndiye anayekibandika, kila siku baina ya alasiri na magharibi, na muda ule humkalisha karibu yake achambue mchele, kwa kuwa daktari amesema jicho lipewe kazi ya karibu. Binti hulia, hujaribu kukibandua. Bibi yake hana huruma naye hata kidogo, mwanamke ambaye hajawahi kumkatalia mjukuu peremende.

Alipopimwa mara ya mwisho binti alisoma mistari mitatu zaidi ya mwanzo. Mama alinipigia mwenyewe kunipa habari. Tukazungumza mambo mengine, mvua, bei ya karafuu, jirani aliyefiwa. Nilipotaka kuaga akasema ngoja kwanza.

"Na lako, mwanangu, hapana dawa?"

Nikaanza kumsimulia habari za yule Susan Barry.